Kushuka Malagarasi kwa mtumbwi wa makasia hadi Ilagala: mwezi gani maji yanafaa?

KasiaRefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tuko watatu, mimi na binamu zangu wawili, wote wa Kigoma mjini. Tunataka kushuka Malagarasi kwa mtumbwi mdogo, makasia tu, bila injini. Mpango ni kupanda treni hadi stesheni ya Malagarasi, kuingia majini hapo, kuufuata mto hadi Uvinza, kuyazunguka maporomoko ya Igamba kwa nchi kavu, kisha kumalizia Ilagala kabla ya kugusa ziwa.

Huu ni mto wa kama kilomita 475, na hakuna mwingine unaoingiza maji mengi kuliko huo kwenye Ziwa Tanganyika. Lakini sisi wenyewe tunaujua kwa dirisha la treni, kwa chumvi ya Uvinza na kwa kivuko cha Ilagala, basi. Kati ya hapo na hapo hatujui kitu. Nataka niujue kabla sijazeeka.

Nimepanga mwishoni mwa Mei. Mvua inakuwa imekata na maji bado ya kutosha kuficha mawe. Mjomba wangu aliyefanya kazi Uvinza miaka mingi anakataa katakata. Anasema mvua ikikata, mto bado haujapata habari. Pale Uvinza maji yanaendelea kupanda wakati watu wameshaanza kuanika mahindi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, yanatoka wapi hayo maji? Nikijua yanakotoka nitajua nisubiri nini.

MnyamweziWaUrambo

Mwangaluka. Mjomba wako msikilize.

Sababu ni kinamasi. Maji ya Moyowosi, Kigosi na Igombe yanamwagika kule juu kwenye tambarare, na Ugalla unaleta ya kwetu Tabora. Yakifika kwenye mafunjo hayakimbii tena, yanatambaa. Kinamasi kinanywa kama dodoki miezi yote ya masika, halafu kinaachia polepole. Ardhi oevu yote ya Malagarasi–Muyovozi ni hekta 3,250,000, ilitangazwa eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1971, ya kwanza Tanzania. Dude la ukubwa huo haliwezi kumaliza maji kwa wiki moja eti kwa sababu mawingu yameondoka.

Ruchugi_Juu

@MnyamweziWaUrambo mwaka sio huo. 1971 ndipo mkataba wenyewe uliposainiwa kule Ramsar, Iran. Malagarasi–Muyovozi iliingizwa mwaka 2000. Kuwa ya kwanza Tanzania, hilo ni sahihi.

Kwenye maji sikubaliani nawe. Mjomba alikuwa Uvinza, na Uvinza ndipo Ruchugi inapoingia Malagarasi. Ruchugi inatoka huku kwetu milima ya Kasulu, na huku mvua haikati siku moja na Tabora. Tunapigwa na mvua za Mei wakati nyie mmeshafunga miavuli. Maji ya mlimani yanashuka kwa siku chache tu. Kwa hiyo anachokiona mzee darajani kinaweza kuwa chetu, wala hakihusiani na mafunjo yenu.

Mwambie akuelezee rangi. Maji ya Ruchugi yakijaa ni mekundu na mazito, ukiyaweka kwenye glasi udongo unatuama chini. Maji yaliyopita kwenye mafunjo ni meusimeusi lakini safi, ukichota kwenye kikombe cheupe unaona kitako.

KasiaRefu

Asanteni. Nitamuuliza rangi leo jioni.

FundiUjiji

Wanabishana maji, mtumbwi hawajauona. Kijana, unatumia mtumbwi gani?

Kama ni wa mbao kama tunaochonga huku Ujiji, ujue umetengenezwa kwa ajili ya ziwa: pua ndefu, ubavu wa juu, mzito. Mtoni utakutesa kwenye kona. Na ukiupakia kwenye behewa ukapigwa jua njiani, mbao zitakauka na kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, italegea. Ukifika utadhani umeuziwa ubovu. Uzamishe kwenye maji ya kina kifupi usiku kucha, mbao zivimbe zikabane zenyewe, asubuhi utoe maji ndipo upakie. Watu wengi huanza safari siku hiyohiyo na kutwa nzima wanakumba maji kwa kopo.

Mtumbwi wa gogo unafaa zaidi kwa mto, umekaa chini na haujali kugonga kisiki. Tatizo lake ni Igamba. Gogo lililolowa watu watatu hamlibebi.

Wowote mtakaochagua, mkishapakia kila kitu na kukaa, ubavu ubaki juu ya maji si chini ya shubiri moja na nusu. Ukiona chini ya hapo, shusha mzigo. Usimwachie Mungu kazi ya kupakia.

MwishoWaReli

Na ile mitumbwi ya mpira ya kujaza upepo? Niliona wazungu wanayo, inakunjwa inaingia kwenye begi. Igamba unaipita umeibeba mgongoni.

FundiUjiji

@MwishoWaReli kwa Igamba inafaa kweli. Kwa visiki na miiba ya kingoni, chukua viraka na gundi ya kutosha. Mimi sina ugomvi nayo, ila ikitoboka katikati ya mafunjo huna pa kuweka mguu uizibe. Kwenye mafunjo hakuna ukingo.

MamaSagara

Habari zenu. Mimi nachukua samaki Nguruka miaka mingi, wavuvi wangu wako kwenye maziwa ya Sagara na Nyamagoma. Nawasoma tangu mwanzo, na wote wawili mmeacha kitu ambacho mvuvi hawezi kukiacha.

Mafunjo yanatembea. Yanakatika vipande vikubwa, vingine unaweza kusimama juu yake watu kadhaa, yanaelea na upepo. Yakifika mahali mto unapobana yanajipanga yanaziba. Njia uliyopita jana leo ni ukuta wa kijani. Nyuma yake maji yanapanda, wavuvi wanahamisha kambi. Halafu siku moja ukuta unakatika wenyewe au watu wanaukata kwa mapanga, na maji yote yale yanashuka kwa mkupuo. Huyo mjomba anayeona maji yanapanda bila mvua, mimi nadhani anaona kizibo kimefunguka huku kwetu.

Kwa hiyo ukiniuliza mwezi nitakuuliza kwanza: umezungumza na nani aliyepita wiki hii?

MnyamweziWaUrambo

Mama shikamoo. Kizibo kikifunguka maji yangepanda siku mbili tatu yakashuka. Mzee anasema yanapanda taratibu, wiki kadhaa. Hiyo ni kazi ya kinamasi kizima.

MamaSagara

Marahaba mwanangu. Vizibo haviko kimoja. Kinafunguka hiki leo, kile wiki ijayo.

Ruchugi_Juu

Na mvua ya Kasulu inanyesha juu ya vyote hivyo.

AskariMstaafu

Nimefanya kazi ya wanyamapori upande wa Tabora na Kigoma hadi nimestaafu. Nitasema mawili, viboko na vibali, kwa sababu ndiyo yanayorudisha watu nyumbani salama au yasiwarudishe.

Kiboko mchana anakaa kwenye maji ya kina. Kwenye kona ya mto kina kiko upande wa nje, mchanga na maji mafupi viko upande wa ndani. Wewe pita ndani. Utaona ni njia ndefu, utatamani kukata kona, usikate. Kabla ya kila kona gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, mara tatu nne, subiri. Wataibuka kupumua na kukuangalia, utahesabu masikio. Wakiwa njiani kwako kaa ukingoni hadi wajisogeze, hata kama ni nusu saa. Usijiweke kamwe kati ya kiboko na maji yake ya kina, wala kati ya mama na mtoto. Akizama akielekea kwako usianze kupiga picha.

Usiku anatoka kula majani. Njia yake ukingoni utaitambua: kama mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia imepishana mbali. Hema lisikae hapo wala karibu na hapo, hata kama pamelala vizuri.

Mamba ni suala la mazoea. Anasoma tabia zako. Usichote maji mahali pamoja asubuhi na jioni, tumia ndoo yenye kamba ukiwa umesimama juu ya ukingo. Vyombo vioshwe kambini, na tumbo la samaki lisitupwe pale mnapofunga mtumbwi.

Vibali: mapori ya akiba kama Moyowosi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyoanzishwa 2019, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukishuka kutoka stesheni ya Malagarasi usikisie kwa macho mpaka uko wapi. Nenda ofisi ya wilaya ya Uvinza na ramani yako, waonyeshe kila mahali unapokusudia kulala. Chukua barua ya utambulisho, kwenye kila kijiji ipeleke kwa mtendaji kabla hamjapika. Kitambulisho cha taifa kila mtu awe nacho, huu ni mkoa wa mpakani na mtaulizwa. Mkitaka kuvua, leseni ya uvuvi. Na usalama wa chombo waulizeni TASAC, shirika la uwakala wa meli, jaketi za kuokolea ni za kuvaa, si za kukalia.

KasiaRefu

Mzee shikamoo, nimeyaandika yote. Ule mfereji wa kiboko sikuwahi kuusikia.

BintiKaliua

Na kwanini usianzie Ugalla kabisa? Ungepata mto wenye wanyama zaidi.

AskariMstaafu

@BintiKaliua Ugalla kiangazi unakatika. Unabaki madimbwi, na kila dimbwi limejaa viboko na mamba waliobanana, wenye hasira. Mtumbwi utauburuta kwenye mchanga kutoka hatari moja hadi nyingine. Na masika maji yako kila mahali, hujui mto uko wapi. Ule mto ni wa kutazama kutoka ukingoni ukiwa na mwenyeji.

MwalimuHistoria_TBR

Wakuu, msisahau watu wamevuka mto huu zamani. Misafara yote ya Tabora kwenda Ujiji ilipita hapa. Stanley, mzungu wa kwanza kufika Malagarasi, mwaka 1871, alilipa hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi wa Wavinza ndipo akapata mitumbwi, na punda wake mmoja akachukuliwa na mamba wakati wa kuvuka.

Ruchugi_Juu

Mwalimu, Burton na Speke walivuka kabla yake, mwanzoni mwa 1858, wakafika ziwani Februari mwaka huohuo. Na wao waliwakuta Waarabu na Wanyamwezi wakipita kila mwaka. Punda ni kweli.

MwalimuHistoria_TBR

Nakubali, Stanley ni wa baadaye. Ninachotaka kijana aone ni kwamba wote hao walivuka. Kushuka hawakushuka. Waliukata mto upande kwa upande wakaendelea na miguu, na walikuwa na watu mamia na mitumbwi ya wenyeji. Lazima kulikuwa na sababu.

MwishoWaReli

Sababu ni kwamba hawakuwa watu wa Kigoma. Mwisho wa reli ndiko maji yanakoanzia. Watu wa Tabora nyie tuleteeni asali na maembe, kasia mtuachie.

MnyamweziWaUrambo

@MwishoWaReli nani aliyebeba mizigo ya nchi hii kutoka pwani hadi hapo kwenu? Mngekuwa bado mnakula dagaa bila chumvi.

MamaSagara

Chumvi ni ya Uvinza jamani, ilikuwapo kabla ya misafara yote. Zile chemchemi zimechemshwa zaidi ya miaka elfu moja.

NesiKasulu

Naomba nirudishe kwenye afya, maana naona chumvi imewanogea.

Mbung'o. Njia hii yote ni nchi ya mbung'o, na malale ya upande wetu huu ni ile aina inayokwenda haraka. Nguo nyeusi na za buluu zinawaita, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au kijivu, mikono mirefu, kitambaa kizito, wanauma kupitia shati jepesi. Baada ya safari, homa yoyote ndani ya wiki tatu hivi, au kidonda kinachovimba palipoumwa, msikimbilie dawa ya malaria mkanyamaza. Mwambieni mhudumu mlikuwa wapi, apime damu na kutafuta vimelea vya malale pia. Hospitali ya Maweni, Kigoma, wanaweza kuwaelekeza.

Kichocho kinapatikana kwenye maji yaliyotulia yenye magugu na konokono. Katikati ya mto unaokimbia hatari ni ndogo, kwenye vijito vya pembeni ambako mtapenda kuoga ndiko kwenyewe. Maji ya kunywa chemsheni hadi yatokote, yale meusi safi ya mafunjo yasiwadanganye. Vyandarua viwe vya kila mtu na chake.

KasiaRefu

Asante dada. Nilikuwa nimeshanunua kofia za buluu tatu, nitazigawa.

Mjomba amejibu kuhusu rangi. Anasema mwanzoni mwa Mei maji ni mekundu, kuelekea Juni yanageuka meusi huku yakiwa bado juu. Amesema pia anakumbuka miaka ambayo "visiwa" vilipita chini ya daraja vikiwa na ndege juu yake.

Ruchugi_Juu

Mekundu mwanzoni mwa Mei. Nilisema.

MnyamweziWaUrambo

Meusi Juni na bado yako juu. Nami nilisema.

MamaSagara

Na visiwa je?

MtumishiWaMaji

Nimekuwa nikisoma tu, leo nijiunge. Bonde la Malagarasi lina takriban kilomita za mraba 130,000, na sehemu yake iko Burundi. Mto wenyewe unaanzia kwenye milima ya mpakani, unaenda kwanza kaskazini mashariki, unageuka kusini hadi kwenye kinamasi, ndipo unaelekea magharibi Uvinza. Watu hudhani unatoka Tabora moja kwa moja. Kwa sababu ya mzunguko huo, maji ya mvua moja ya Aprili yanaweza kufika Uvinza kwa njia tofauti na kwa nyakati tofauti: ya Ruchugi mapema, ya upande wa Kibondo baadaye, ya Ugalla baadaye zaidi kwa sababu yanapita Sagara. Kwa hiyo nyote mnaweza kuwa mnaona maji halisi, ila hamwoni maji yaleyale.

Naongeza la nne. Kuna maji ya ardhini. Miamba ya nchi hii ikishiba inatoa chemchemi miezi baada ya mvua, na Uvinza yenyewe ni mji wa chemchemi.

MnyamweziWaUrambo

Chemchemi za chumvi zinajaza mto? Hapo mkuu umenipoteza.

MtumishiWaMaji

Sikusema za chumvi. Nimesema nchi yote ikishiba.

MvuviKijana_ILG

Mimi niko Ilagala. Huku chini tunaona mto ukiwa juu hata Juni, lakini kwetu kuna jambo lingine: ziwa. Miaka ya karibuni ziwa limepanda, nyumba na mashamba ya kingoni vimeingia majini. Ziwa likiwa juu, mto haushuki, unarudi nyuma na kutapakaa kwenye delta. Kwa hiyo hata mkipata mto mzuri hadi Igamba, huku mwisho mtakuta maji yamesimama, matete, mamba, na mkondo haukusaidii. Itabidi mpige makasia kwelikweli.

Na msijidanganye kutoka nje ya mdomo wa mto mchana. Kiangazi upepo wa kusini ukiamka, mawimbi yanakutana na maji ya mto pale mdomoni yanasimama wima. Sisi wenyewe tunatoka alfajiri.

KasiaRefu

Kwa hilo tumeamua, tunaishia kivukoni. Hatutoki ziwani.

MvuviKijana_ILG

Safi. Mkifika ulizeni samaki wa mtoni, kuna yule anayejivimbisha kama mpira ukimtoa majini. Ziwani hatumpati, tunampata huku kwenye mto.

BintiKaliua

Huyo anakaa Kongo pia. Nilifundishwa chuoni kwamba Malagarasi ni mzee kuliko ziwa: zamani ulikuwa ukitiririka hadi Kongo moja kwa moja, bonde la ufa likazama katikati, ziwa likajaa, samaki wa mto wakabaki upande huu wametengwa na ndugu zao.

Ruchugi_Juu

Au walipita ziwani. Ziwa linatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie kwenda Kongo. Samaki aliyeweza kupanda Lukuga angeweza kufuata ukingo hadi Ilagala.

BintiKaliua

Kilomita zote hizo za ziwa lenye kina cha mita 1,470, samaki wa matopeni?

Ruchugi_Juu

Ukingoni hakuna kina hicho.

MamaSagara

Samaki waacheni, watu wanataka kusafiri. Mnakula nini njiani?

KasiaRefu

Sembe, dagaa wakavu, maharage, mawese, chumvi ya Uvinza.

MnyamweziWaUrambo

Maharage yanataka kuni na masaa. Chukua matobolwa, viazi vimeshachemshwa na kukaushwa, unatafuna ukiwa unapiga kasia. Na karanga, na asali kwenye chupa ya plastiki. Hapa Tabora haihitaji utani, hiyo ni kazi yetu.

MwishoWaReli

Kwa matobolwa nakunja mikono, mmeshinda.

AskariMstaafu

@KasiaRefu umehesabu umbali?

KasiaRefu

Kwenye ramani ya simu, stesheni ya Malagarasi hadi Uvinza ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Tumefikiri siku mbili.

MtumishiWaMaji

Mto haujui mstari ulionyooka. Kwa mto wa tambarare kama huu zidisha mara moja na nusu hadi mara mbili. Fungua picha za satelaiti, weka alama kila kona, pima mwenyewe. Kisha gawa kwa kilomita 20 kwa siku, maana mtasubiri viboko, mtatafuta njia kwenye mafunjo, na saa kumi mnapaswa kuwa mmeshapata pa kulala. Hiyo ni siku nne au tano, ongeza chakula cha siku mbili za kukwama. Na ramani ipakueni kwenye simu kabla, mkiiacha reli nyuma msitegemee mtandao.

FundiUjiji

Kwenye mafunjo kasia halina kazi, chukueni pondo. Ncha ya chini iwe na panda, iwekewe kijiti cha kukingama, isizame kwenye tope. Mtu asimame nyuma asukume, mwingine mbele na panga. Nusu ya safari mtaishukuru.

MwishoWaReli

Na Igamba?

AskariMstaafu

Igamba kuna mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, megawati 49.5. Hilo ni eneo la kazi, huwezi kutokea tu na mtumbwi. Mimi ningekata safari vipande viwili. Cha kwanza Malagarasi hadi Uvinza, mtoke majini, mtumbwi upakiwe kwenye gari. Cha pili mwanze chini ya maporomoko, mahali mtakapoelekezwa na wenyeji na wenye mradi, hadi Ilagala. Kati ya Uvinza na ziwa mto unashuka zaidi ya mita 200, ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Huko si mahali pa kujifunzia maji yanayokimbia. Ukisikia mngurumo umeshachelewa, kwa hiyo jueni pa kutokea kabla ya kusikia.

KasiaRefu

Nimeongea na wenzangu. Tumekubali vipande viwili, na kwa kipande cha kwanza tumekubali kuchukua mvuvi wa kambi za huko akae mbele, tumlipe. Mei tumeifuta. Sasa tunagombana Julai au Agosti.

MnyamweziWaUrambo

Julai mwishoni. Kinamasi kitakuwa kimeachia, kingo zimeanza kuonekana, mnapata pa kulala.

AskariMstaafu

Agosti kingo ziko wazi zaidi, lakini viboko wameanza kubanana. Kila mwezi unaosogea mbele unapata nchi kavu zaidi na viboko wengi zaidi kwenye kona moja. Mimi ningechagua Julai.

NesiKasulu

Na Agosti kuendelea watu wanachoma nyasi. Kulala ukingoni moto ukiwa na upepo nyuma yako sikushauri.

Ruchugi_Juu

Julai, hapo hata mimi nakubali. Ila mjue Julai ikifika hatutajua nani alikuwa sahihi kuhusu maji. Fanyeni hivi: mjomba apake alama za rangi kwenye nguzo ya daraja Uvinza tangu Machi, kila Jumamosi atume picha hapa pamoja na kikombe cheupe cha maji.

MtumishiWaMaji

Picha moja ya Uvinza haitenganishi kitu, Ruchugi imeshaingia hapo. Unahitaji alama mbili, moja juu ya makutano na moja chini yake. Ya juu ikipanda na ya Ruchugi ikiwa imelala, hapo tunaanza kuzungumza.

Ruchugi_Juu

Sawa, alama ya Ruchugi nitaiweka mimi, daraja la barabara ya Kasulu.

MamaSagara

Na kizibo hakitaonekana kwenye picha zenu zote mbili. Kijana anayeniletea samaki nitamwambia anitajie siku njia inapozibwa na siku inapofunguka, nitaandika hapa. @KasiaRefu ukishajua tarehe ya treni niambie mapema, huyohuyo ndiye nitakayempa kazi ya kukaa mbele. Anajua Nyamagoma tangu mdogo, ila bei mtapatana wenyewe, na pondo aje nayo yake, hataki za kuazima.